Choo cha Wafanyakazi Tu: Kisa cha Jack Abbott na Mtu Asiyevumilia Kukataliwa

Alfajiri ya Julai 18, 1981, mwanamume wa miaka 37 alikuwa ameketi na wanawake wawili katika mkahawa mdogo uitwao Binibon, kwenye kona ya Second Avenue na Mtaa wa Tano, jijini New York. Akainuka akataka kwenda chooni. Mhudumu wa zamu, kijana wa miaka 22 aitwaye Richard Adan, akamwambia choo cha pale ni cha wafanyakazi tu. Wakabishana. Kisha wakatoka nje wote wawili, na huko kando ya barabara yule mteja akamchoma Adan kisu cha kifua. Adan alifia hapo hapo.

Mteja huyo ni Jack Henry Abbott. Alikuwa na wiki sita tu tangu atoke gerezani. Kesho yake gazeti la New York Times lilitoka na uhakiki ulioisifu kazi yake, kitabu cha barua alizoandika akiwa kifungoni. Kurasa za vitabu huandaliwa mapema, kwa hiyo mwandishi aliyesifiwa asubuhi ile alikuwa tayari mbioni, polisi wakimtafuta.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kuliko kingine chochote, na kinachonirudisha ni udogo wa chanzo chake. Hakuna aliyemtukana Abbott wala aliyemgusa. Aliambiwa "hapana" kuhusu choo, na kijana aliyesema hivyo hakuwa hata na uwezo wa kusema vinginevyo. Wanaosimulia kisa hiki huishia kwenye neno "mnyama" au kwenye neno "jela". Maneno yote mawili hayaelezi dakika zile chache kati ya meza na barabara. Mimi nataka kukaa kwenye dakika hizo.

Kwanza maisha yake, kwa ufupi. Abbott alizaliwa mwaka 1944 katika kambi ya jeshi huko Michigan, baba akiwa askari Mmarekani na mama akiwa na asili ya Kichina. Alilelewa nyumba hii na ile za walezi wa kupangiwa na serikali. Alipofika umri wa miaka 12 hivi akapelekwa shule ya maadilisho ya wavulana huko Utah, akakaa mpaka akawa mtu mzima kisheria. Alitoka, na baada ya muda mfupi akarudi ndani kwa kosa la hundi za kughushi, safari hii gereza la watu wazima. Akiwa na miaka 21 alimchoma kisu mfungwa mwenzake, akamuua. Mwaka 1971 alitoroka, akaiba benki huko Colorado, akakamatwa na kuongezewa miaka. Mwenyewe aliandika kwamba tangu atimize miaka 12, siku zake zote za uraiani zikijumlishwa zinafika miezi tisa na nusu.

Soma hesabu hiyo tena. Mtu amefika miaka 37, na tangu utotoni hajakaa mtaani hata mwaka mmoja mzima. Sehemu kubwa ya muda wa gerezani aliimalizia katika seli ya peke yake, ambako chakula hupitishwa kwenye tundu la mlango.

Mwaka 1977 alisikia kwamba mwandishi mashuhuri Norman Mailer anaandika kuhusu Gary Gilmore, muuaji aliyepigwa risasi na dola huko Utah Januari mwaka huo. Akamwandikia: mtu wa nje hataelewa gereza linamfanya mtu nini, acha mimi nikueleze. Barua zikafuatana kwa miaka. Mailer aliona humo kipaji, na kweli kilikuwepo. Alimsaidia kuchapisha, akaiandikia bodi ya parole, ile inayoamua kama mfungwa atoke kabla ya muda, akiahidi kumpa kazi ya usaidizi wa utafiti. Juni 1981 Abbott akashuka New York, akapangiwa kulala katika nyumba ya mpito, ile ambayo mfungwa hukaa kabla ya kuachiwa kabisa. Mchana alipigwa picha, alihojiwa kwenye televisheni, alikula meza moja na waandishi na wahariri. Usiku alirudi kwenye kitanda cha nyumba ya mpito.

Sasa tuje kwenye jina la hali yenyewe. Madaktari wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao uitwao DSM, wanaitaja kasoro ya haiba ambayo baadhi ya watu wameitafsiri "tabia isiyo ya kijamii". Tafsiri hiyo inapotosha vibaya. Msikilizaji atamfikiria mtu mkimya, mpenda upweke, asiyekwenda harusini. Watu wanaokusudiwa ni tofauti. Wengi ni wachangamfu na wana maneno matamu. Shida yao ni kwamba haki ya mwenzao haiwazuii. Mimi nitasema "haiba ya kuvunja haki za wengine", ingawa ni ndefu. Vigezo ni saba, na vikitimia vitatu vinatosha: kuvunja sheria mara kwa mara, uongo na ulaghai, kutenda bila kuwaza mbele, hasira za kupigana, kutojali usalama wake na wa wengine, kutowajibika kazini na kwenye madeni, na kutojuta. Lazima awe ametimiza miaka 18, na dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 15. Mwaka 2002 Seena Fazel na John Danesh walikusanya tafiti 62 kutoka nchi 12 wakakuta kwamba katika kila wafungwa wanaume 100, wapatao 47 walikuwa na hali hii. Si jambo la watu wachache wa kwenye sinema.

Mimi simpimi marehemu kwa kusoma kumbukumbu za magazeti. Kipimo hicho ni cha daktari na mtu aliye mbele yake. Ninachofanya ni kuweka rekodi ya Abbott kando ya vigezo hivyo, na msomaji ataona zinavyokaribiana: utoto wa mikononi mwa dola, hundi bandia, mauaji ya gerezani, benki, na huko mbele utaona suala la kujuta.

Swali langu ni hili. Mtu wa namna hiyo akitengwa, akikataliwa, akifungiwa mlango, anaumia? Jibu la haraka la mtaani ni kwamba haumii. Hana moyo, ataumia wapi? Jibu hilo limewaponza wengi, kwa sababu humfanya mtu aseme na kutenda mbele ya mwenye hali hii kana kwamba anasema na ukuta.

Kuhusu kutengwa kwenyewe, mtafiti tunayemdai zaidi ni Kipling Williams. Siku moja alikuwa bustanini na mbwa wake, kile kisahani cha kurushiana kikaja kikamgonga mgongoni. Akageuka, akawarushia wenyewe, vijana wawili asiowajua. Wakamrudishia. Wakacheza watatu kwa muda kidogo, kisha wale wawili wakaacha kumrushia, bila neno. Williams alishangaa jinsi alivyoumia kwa watu ambao nusu saa kabla hakujua kama wapo duniani. Kutokana na siku ile akatengeneza mchezo wa kompyuta ambamo wachezaji watatu wanarushiana mpira. Wawili kati yao ni programu tu. Baada ya raundi chache mpira hauji tena kwa yule wa tatu.

Kila anayefanyiwa hivyo huumia, na dakika chache zinatosha. Anaumia hata akiambiwa wazi kwamba anacheza na kompyuta. Williams na mwenzake walijaribu kuwaambia watu huko Australia kwamba wanaowanyima mpira ni wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa Marekani wanalolichukia. Wakaumia vile vile. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake waliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo wakiwa kwenye mchezo huo, na sehemu iliyowaka ni mojawapo ya zile zinazoshughulika na maumivu ya mwili. Kwa hiyo mchomo wa kwanza ni wa binadamu wote, wala hausubiri mtu kufikiri. Sioni sababu ya kudhani kwamba Abbott alikuwa nje ya kundi hilo.

Watu hutofautiana baada ya mchomo. Williams anasema kutengwa kunagusa mahitaji manne kwa mpigo: kuwa wa kundi fulani, kujiona una thamani, kuwa na mamlaka juu ya mambo yako, na kuonekana kwamba upo. Ukiguswa zaidi kwenye lile la kwanza, utajitahidi kukubalika tena, utacheka na watu, utajipendekeza. Ukiguswa zaidi kwenye mamlaka na kuonekana, utatafuta kitu kitakachowalazimisha wakuone, na ngumi inaonekana haraka kuliko tabasamu.

Kuna jaribio la mwaka 2006 ambalo mtu wa pwani ataliona kwa macho, maana linahusu pilipili. Wayne Warburton, Williams na mwenzao waliwatenga watu kwenye mchezo wa kurushiana mpira, kisha wakawasikilizisha makelele ya kukera. Baadhi waliachiwa kuamua wenyewe kelele zianze lini. Wengine hawakuachiwa. Baadaye kila mmoja aliombwa kumpakulia mtu asiyemjua sosi ya pilipili, huku akiambiwa mtu huyo hapendi pilipili na atalazimika kuila yote. Waliotengwa na kunyimwa uamuzi juu ya kelele walipakua zaidi ya mara nne ya waliopakua wengine. Waliotengwa lakini wakaachiwa uamuzi mdogo tu, ule wa kubonyeza kitufe, hawakuwa na ukatili kuliko wale ambao hawakutengwa kabisa.

Hilo ndilo jambo ninaloona watu wanalipita. Kilichowatenganisha wenye ukatili na wengine katika chumba kile ni kutengwa kukiungana na kukosa usemi juu ya jambo lolote.

Hao walikuwa wanafunzi wa kawaida wa chuo. Sasa chukua mtu ambaye tangu miaka 12 hajaamua saa ya kulala, saa ya kula wala saa ya taa kuzimwa. Mtu ambaye hata choo chake kilikuwa ndani ya seli, mlinzi akimwona. Ametoka wiki sita zilizopita. Wanaomfahamu walisimulia jinsi alivyobabaika dukani na mbele ya orodha ya vyakula. Anainuka kwenye meza mbele ya wanawake wawili, anataka jambo ambalo kila mtu mzima mwenye uhuru hulifanya bila ruhusa, na kijana mdogo aliyevaa aproni anamwambia huruhusiwi.

Adan alisema "choo ni cha wafanyakazi". Mimi naamini Abbott alisikia amri ya askari jela.

Hapo linaingia jambo jingine, nalo ni tafsiri. Mwaka 1980 Kenneth Dodge aliwachunguza wavulana wa shule, wengine wagomvi na wengine wapole. Kila mmoja alikuwa akipanga fumbo la vipande ili apate zawadi, na mvulana mwingine asiyeonekana akaliharibu fumbo lake. Pale ilipokuwa wazi kwamba limeharibiwa kwa makusudi, wote walikasirika. Pale ilipokuwa wazi kwamba ni bahati mbaya, wote walijizuia, wagomvi nao pia. Tofauti ilitokea pale isipojulikana: wapole walichukulia ni ajali, wagomvi wakachukulia wameonewa. Wagomvi wale walikuwa na hasira ya kawaida. Walichokuwa nacho zaidi ni mazoea ya kujaza pengo kwa ubaya, kila jambo lilipokuwa na utata.

Barua za Abbott zimejaa somo hilo hilo kutoka upande wa ndani. Aliandika kwamba katika dunia aliyokulia, mfungwa aliyedharauliwa akanyamaza amekwisha. Kesho watakuja na jambo kubwa zaidi. Anayekuchukulia kitu kidogo anakupima. Gerezani, tafsiri hiyo ya ubaya huenda ilimwokoa mara kadhaa. Aliibeba kama ilivyo hadi Second Avenue.

Niruhusuni nitoke New York kidogo. Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii Tanga, nilipata kusuluhisha ugomvi wa barazani kati ya kijana aliyetoka kifungoni na mzee muuza kahawa. Kosa lilikuwa kikombe. Waliokaa pale wote walinywea vile vikombe vidogo vya kauri vinavyosuuzwa kwenye ndoo. Kijana alipofika, mzee akammiminia kwenye kikopo cha plastiki, akasema, "Vikombe vimekwisha, mwanangu." Vitatu vilikuwa kwenye ndoo, maji yakivipita juu. Kijana hakusema kitu. Aliiinamisha kahawa taratibu mpaka ikamwagika yote mbele ya miguu ya mzee, akaondoka. Jioni alirudi akalipiga teke jiko na birika lake, makaa yakaruka mpaka kwenye kanzu ya mtu.

Nilipokaa naye nilitarajia aniambie wamemtenga. Kiswahili kimejaa maneno ya hilo: kutengwa, kususwa, kununiwa, kupewa kisogo. Hakutumia hata moja. Alirudia sentensi ile ile, mara tatu au nne, akiwa ameinamia viganja vyake: "Mama, yule mzee kaniona mimi nani?"

Sijui sentensi inayoieleza hali hii vizuri zaidi. Aliyetengwa na kuumia kwa kutopendwa husema "hawanitaki". Huyu anauliza cheo chake machoni pa mtu. Swali linamwelekea mwingine, na linadai jibu. Ukikaa na vijana wenye historia ya aina hii utawasikia wakilisema kuhusu konda aliyechelewesha chenji, kuhusu mwalimu, kuhusu mke. Nikiwa mkweli, nilipolisikia siku ile ndipo nilipoelewa mlango wa Binibon. Naona swali hilo hilo kwenye ngozi ya Abbott, kwa Kiingereza.

Lazima nitenganishe jambo moja hapa, maana watu hulichanganya. Si kila mwenye haiba ya kuvunja haki za wengine ni saikopathi. Robert Hare wa Kanada alitengeneza kipimo cha vipengele 20, alama 40 kwa jumla, na huko Marekani Kaskazini anayefika 30 ndiye huhesabiwa saikopathi. Wengi wa wenye haiba hii hawafiki. Saikopathi halisi anaweza kukataliwa leo, akatabasamu, akalipiza baada ya miezi sita kwa njia itakayomfaidi. Kundi kubwa lililobaki halina ubaridi huo. Hasira yao ni ya papo hapo, ya moto, haina faida, mara nyingi inawaharibia wenyewe. Abbott alikuwa na kitabu kinachouzwa, rafiki mashuhuri, na tarehe ya kuachiwa kabisa inakaribia. Hakuna hesabu ya faida inayomfanya mtu kama huyo aue kwa ajili ya choo.

Baada ya kuchoma alikimbia. Alifika Mexico, akarudi Marekani, na Septemba 23, 1981, akakamatwa Louisiana, alikokuwa akifanya kazi kwenye visima vya mafuta. Kesi ilisikilizwa Januari 1982. Utetezi wake ni kwamba alidhani Adan anataka kumshambulia. Yaliyotokea, kwa maneno yake, ni kutoelewana kwa bahati mbaya. Shahidi aliyeyaona yote, mtu aliyewahi kuwa askari, alieleza kwamba hakuona kijana akitisha kwa namna yoyote. Juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, haikumtia hatiani kwa mauaji ya kukusudia. Ilikubali kwamba alikuwa katika msukosuko mkubwa wa hisia, ikamwona na hatia ya kuua ya daraja la chini yake. Alipewa kifungo cha kuanzia miaka 15 hadi maisha.

Mimi sidhani kwamba Abbott alidanganya kila kitu mahakamani. Nadhani kweli aliona shambulio, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefundishwa kuliona. Lakini imani yake haimrudishi Adan, wala haiondoi ukweli kwamba alikwenda kula alfajiri akiwa na kisu mwilini. Mtu anayebeba kisu ameshajibu mapema maswali ambayo bado hayajaulizwa.

Na sasa wale waliomkumbatia. Mailer alisimama kumtetea hata baada ya mauaji, akasema kwamba utamaduni unastahili kubebewa hatari kidogo. Maneno hayo yananiuma kila ninapoyakumbuka, kwa kuwa hatari ile haikubebwa na aliyeyasema. Ilibebwa na mhudumu wa zamu ya usiku. Richard Adan alikuwa mwigizaji chipukizi na mwandishi wa tamthilia, mume wa binti wa mwenye mkahawa. Kipaji kilikuwepo pande zote mbili za mlango ule, lakini jiji zima lilikuwa limekiona cha upande mmoja tu.

Kosa la marafiki wale, kwa maoni yangu, si kumpenda Abbott. Walidhani kwamba kumsifu ni sawa na kumpokea. Chakula cha jioni na wahariri kilimpa thamani kubwa sana kwa saa tatu. Saa nne usiku thamani hiyo ilibaki mezani. Mtu ambaye thamani yake yote imetoka kwa watu wakubwa wiki sita zilizopita ana mengi ya kupoteza kwa neno moja la mhudumu. Ukimpandisha mtu wa aina hii juu ghafla, kila "hapana" ya kawaida inakuwa anguko refu.

Huwa naulizwa: basi Adan angefanyaje? Nalikataa swali hilo. Kwa yote yaliyosimuliwa mahakamani, alifanya kila tunachofundishana. Alisema sababu. Hakupiga kelele. Alitoka nje naye, mbali na meza, mbali na macho ya wateja, jambo ambalo kwa kawaida humpunguzia mtu aibu ya kutolewa nishai mbele ya watu. Kinachotakiwa kufanywa hakikuwa cha dakika ile.

Kilikuwa cha zile wiki sita, na hata cha miaka iliyotangulia. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 juu ya hali hii, uliotolewa na NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko, hautoi dawa ya kutibu haiba yenyewe. Unapendekeza mafunzo ya vikundi ambamo watu hujifunza kuzikagua fikra zao na kuzizuia hasira. Kazi hiyo ni ya polepole na haina picha za magazeti. Ndani yake ndimo mtu hujizoeza mambo madogo: kukataliwa zamu, kukosewa chenji, kuambiwa usubiri. Anakataliwa mbele ya watu ambao nao wamewahi kukataliwa, anaulizwa umefikiria nini, anaambiwa taja sababu nyingine tatu ambazo huenda zilimfanya yule aseme vile. Vilevile anaachiwa kuamua mambo yake kidogo kidogo: funguo ya chumba, saa ya kurudi, bajeti ya juma. Kumbuka kitufe cha kelele. Abbott aliruka kutoka seli ya peke yake hadi kamera za televisheni, na katikati hapakuwa na ngazi hata moja.

Kwa yule kijana wa kahawa nilifanya lililo ndani ya uwezo wangu. Sikumwambia mzee aombe radhi, wala sikumwambia kijana kwamba amekosea kuona dharau. Dharau ilikuwepo, vikombe vilikuwa kwenye ndoo. Nilimwomba aniambie mzee yule alikuwa na hofu gani. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Labda aliogopa wateja wake watakataa kunywea kikombe changu." Hilo lilimchukua karibu saa nzima, na ni mtu mmoja, siku moja, birika moja. Alilipa birika kwa mafungu. Barazani hakurudi.

Abbott hakufika hapo. Mwaka 1990 mjane wa Adan alipomshitaki kudai fidia, alijitetea mwenyewe, na kwa hiyo yeye ndiye aliyemhoji mjane kizimbani. Alizungumza juu ya kifo kile kana kwamba hasara yake ilikuwa ndogo. Mahakama iliamuru alipe zaidi ya dola milioni 7. Mwaka 2001 bodi ya parole ilimkatalia kutoka, ikitaja pamoja na mengine kwamba haonyeshi majuto. Miaka 20 baada ya Binibon, kwake kisa kilikuwa bado ni kile alichofanyiwa yeye.

Williams ana neno kwa wanaotengwa muda mrefu mno: wanafikia hatua ya kukata tamaa, ambapo hawapigani wala hawaombi tena. Februari 10, 2002, Abbott alikutwa amejinyonga katika seli yake kwenye gereza la Wende, jimbo la New York. Alikuwa na miaka 58. Ukizichukua siku zake zote za uraiani tangu alipotimiza miaka 12, ukaongeza wiki sita za nyumba ya mpito na miezi miwili ya kuwakimbia polisi, unapata mwaka mmoja na wiki chache.

Richard Adan angekuwa amepita miaka 40 siku hiyo.